Polisi: Fidia bila hukumu haitoshi

Sachangwan, katika eneo la Molo kando ya barabara kuu ya Nakuru kuelekea Eldoret, hukumbukwa kwa moto wa Januari 31, 2009, ulioua zaidi ya watu 100 waliokuwa wakichota petroli kwenye lori lililopinduka. Lakini Molo ilikuwa na makovu mengine kabla ya hapo. Ghasia za kisiasa za 1992, 1997 na zile zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007 ziliwatimua maelfu ya wakazi makwao, na swali la nani atawajibika halikupata jibu.

Tume ya Jaji Philip Waki iliripoti Oktoba 2008 kwamba watu 1,133 walifariki katika ghasia za mwisho. Kati yao, 405 waliuawa kwa risasi, na lawama nyingi ziliwaangukia polisi. Mjini Kisumu, maafisa waliwafyatulia risasi raia. Mjini Nakuru na Naivasha, mwishoni mwa Januari 2008, walishutumiwa kwa kutowalinda waliokuwa wakishambuliwa. Makosa hayo mawili yana mzizi mmoja: kikosi kilichozoea kutoulizwa.

Aliyekuwa Kamishna wa Polisi, Mohammed Hussein Ali, alifikishwa mbele ya Mahakama ya Kimataifa ya Jinai (ICC) kuhusu matukio ya Nakuru na Naivasha. Januari 23, 2012, majaji walikataa kuidhinisha mashtaka hayo kwa kukosa ushahidi wa kutosha.

Tangu ghasia za 2007 na 2008, sheria imebadilika. Kifungu cha 37 cha Katiba ya 2010 kinampa kila mtu haki ya kuandamana kwa amani bila silaha. Sheria ya Huduma ya Polisi ya 2011 inaruhusu bunduki kutumiwa kuokoa maisha, na inamtaka afisa aripoti kwa Mamlaka Huru ya Kuangazia Utendakazi wa Polisi (IPOA) risasi yake ikiua au kujeruhi.

Hata hivyo, sheria hujaribiwa barabarani. Baada ya maandamano ya 2024 dhidi ya Mswada wa Fedha, Tume ya Kitaifa ya Haki za Kibinadamu (KNCHR) ilihesabu vifo 60. Mwaka uliofuata, maandamano ya Juni 25 na Julai 7 yalileta vifo vingine. Agosti 2025, Rais William Ruto aliunda jopo la kushughulikia fidia ya waathiriwa.

Fidia ni haki ya aliyefiwa, wala hapana anayepaswa kuipuuza. Lakini hulipwa kwa kodi ya wananchi, wakiwemo hao hao waliofiwa, huku aliyefyatua risasi na aliyetoa amri wakibaki kazini. Penye mshukiwa asiyefikishwa kortini, pesa huwa bei ya kunyamaza.

Molo imejifunza kwa uchungu kwamba kosa lisiloadhibiwa hurudi. Uchaguzi Mkuu wa Agosti 2027 utakuwa kipimo kingine. Iwapo majalada ya 2024 na 2025 yatakuwa bado yamefungiwa kabatini siku hiyo, afisa atakayeshika bunduki atakuwa na sababu ya kuamini kwamba naye hataulizwa.