Korongoni pia anahitajika refa mwenye filimbi

JUNI 28, 2025, jijini Charlotte, Marekani, Chelsea walikuwa wanaongoza Benfica 1-0 katika Kombe la Dunia la Klabu, zikiwa zimebaki dakika chache tu mechi iishe. Refa akapuliza filimbi na kuwatoa wote uwanjani. Sababu ni radi zilizokuwa zinapiga jirani. Wachezaji wakakaa vyumbani karibu saa mbili. Waliporudi, Angel Di Maria akasawazisha kwa penalti, Chelsea wakalazimika kusaka ushindi wa 4-1 katika muda wa ziada, na kocha wao Enzo Maresca akatoka akilalamika kwamba huo si mpira.

Ana haki ya kununa. Mamelodi Sundowns nao walisubirishwa hivyo hivyo kule Orlando siku chache kabla, wakicheza na Ulsan. Lakini katika mechi zote hizo hakuna mchezaji aliyeulizwa maoni. Hakuna aliyesema "jamani tumetoka mbali, tumalizie tu." Filimbi imelia, basi, watu wanatoka.

Katika nchi hiyo hiyo, upande wa magharibi, kuna mchezo mwingine unaopendwa sana: matembezi ya siku moja, kwa kundi, ndani ya makorongo ya mawe mekundu ya jangwani huko Utah na Arizona. Watu wanaingia asubuhi na mapema, maji mgongoni, kofia kichwani, na jioni wako kwenye gari wanatumiana picha. Mchezo huu hauna refa. Na pale unapokosa refa, unaua.

Septemba 14, 2015, marafiki saba wa matembezi, wote wamepita miaka 50, walichukua kibali cha kuingia korongo linaloitwa Keyhole, katika Hifadhi ya Taifa ya Zion, Utah. Ni korongo fupi, jembamba, lenye sehemu za kushuka kwa kamba na kuogelea kidogo. Asubuhi ile walielezwa kwamba uwezekano wa mafuriko ya ghafla ni mkubwa. Utaratibu wa wakati huo ulikuwa kwamba askari wa hifadhi anakueleza hatari, wewe unaamua. Waliamua kwenda. Alasiri makorongo yakatangazwa kufungwa, ila wao walikuwa wameshaondoka. Wote saba walikufa.

Hawa hawakuwa watoto wala wajinga. Walikuwa na kamba, walikuwa na mafunzo, walikuwa na kibali mkononi. Walichokosa ni mtu mmoja mwenye mamlaka ya kusema leo hakuna mechi.

Anayejua mambo ya makundi ataelewa kwa nini hakupatikana. Mtu akiwa peke yake akiona wingu jeusi, anageuza. Wakiwa kumi, kila mmoja anamtazama mwenzake. Hakuna anayetaka kuwa mwoga wa safari. Wamelipia, wameomba ruhusa kazini, wameamka saa tisa usiku. Kila mmoja akinyamaza, ukimya ule unageuka kuwa kura ya "twende".

Na korongo lenyewe linadanganya. Mawe yale ni mchanga ulioshikana kwa mamilioni ya miaka, wekundu wake ni kutu ya chuma, na mengi hayana udongo wala nyasi za kunyonya maji. Mvua ikinyesha juu huko, kilomita nyingi kutoka ulipo, maji yote yanateremka kutafuta mfereji. Mfereji ndio huo uliosimama ndani yake ukipiga selfi. Kuta zile laini zilizojipinda kama kitambaa, ambazo watu wanavuka bahari kwenda kuziona, zimechongwa na mafuriko hayo hayo. Mgeni akiinua macho anaweza kuona gogo limebanwa kati ya kuta mbili juu ya kichwa chake. Hakuna aliyelipandisha pale kwa ngazi.

Agosti 12, 1997, katika korongo la Antelope, kwenye ardhi ya Wanavajo huko Arizona, maji yalikuja namna hiyo. Walipokuwa watalii mvua ilikuwa kidogo tu. Dhoruba yenyewe ilipiga mbali zaidi. Walikufa watu 11, wengi wao Wafaransa. Alinusurika mmoja, kiongozi wa msafara.

Wakenya wasidhani hizi ni habari za Wazungu wenye pesa za kuchezea. Kule Hell's Gate, Naivasha, korongo ambalo kila wikendi linajaa vijana kutoka Nairobi, maji yaliua watu saba Aprili 2012, kundi la vijana wa kanisa waliokuwa ziarani. Septemba 1, 2019, Jumapili, yakaua tena saba katika korongo lile lile, akiwemo kiongozi wa watalii wa hapo hapo. Mara mbili, idadi ile ile. Klabu ikifungwa mara mbili kwa kona ile ile, mashabiki wanataka kocha afukuzwe.

Siku hizi mabango ya safari yamejaa kwenye magrupu ya WhatsApp: usafiri, chakula cha mchana, mpiga picha, na chini kabisa kwa herufi ndogo, pesa hairudishwi. Hapo ndipo tatizo lilipo. Mwandaaji ambaye faida yake ni idadi ya vichwa kwenye basi hawezi kuwa refa wa safari hiyo hiyo. Ni sawa na mwenye timu kupewa filimbi siku ya fainali. Akiahirisha, anadaiwa; asipoahirisha na mvua isinyeshe, anasifiwa. Kila safari iliyopita salama inamfundisha kwamba mawingu ni maneno tu.

Kwa hiyo filimbi itolewe mapema, kabla arubuni haijalipwa. Atajwe mtu mmoja ambaye halipwi kwa kichwa, anayejua sehemu za kutokea, na ambaye neno lake halijadiliwi. Iandikwe kwamba wingu likionekana upande maji yanakotoka, pesa inahamia tarehe nyingine. Kuna siku mtarudi nyumbani na jua likawaka mpaka jioni, na watu watamcheka refa. Acha wacheke. Maresca naye alilalamika.

Refa huyo ana kazi nyingine hata siku isiyo na wingu, nayo ni mwendo. Vijana wa mbele wanakimbia, wanafika kivulini, wanakaa dakika kumi. Wa mwisho anapofika anahema, wao wanasimama: "Haya, twende!" Yule anayehitaji kupumzika kuliko wote ndiye asiyepumzika kabisa. Katika Grand Canyon jambo hili ni la hatari zaidi, kwa sababu safari ya korongo ni mlima uliopinduliwa: unashuka ukiwa na nguvu, unapanda ukiwa umechoka. Njia ya Bright Angel inashuka zaidi ya mita 1,300 mpaka mtoni, na kiangazi joto la chini linapita nyuzi 40. Hifadhi inawaonya watu wasijaribu kwenda mtoni na kurudi siku moja. Wapo wanaojaribu, na kwa kawaida aliye nyuma ndiye anayelipa.

Antelope ya leo huingii bila kiongozi wa Kinavajo. Ngazi za mbao za enzi zile zimebadilishwa, zimewekwa za chuma zilizofungwa kwenye mwamba, na hali ya hewa ikiharibika korongo linafungwa hata kama umetoka Paris.

Mvua za vuli huanza Oktoba. Mabango ya Naivasha hayatangoja, na anayetuma pesa anaweza kumuuliza mwandaaji swali moja kwanza: siku hiyo filimbi iko kwa nani?