"Than me" niliyoikata kwa kalamu nyekundu

Najua nimepotea. Shajara hii wiki hizi haitoki chuoni Dodoma, niko TP huku Iramba, mkoani Singida. Upepo na vumbi usiseme, na bumu limeshakata. Ila leo sililii njaa, nataka kuungama.

Niliwapa kidato cha pili zoezi la sentensi tano za kulinganisha. Binti mmoja mkimya wa dawati la nyuma akaandika: "My mother loves my brother more than me." Nikakata "me", juu yake nikaandika "I", maksi nikamnyima. Ndiyo sheria niliyoimeza tangu sekondari: baada ya "than" inakuja "I", basi.

Akanifuata ofisini. "Madam, samahani. Mimi sijasema nampenda kaka kidogo. Nimesema mama ananipenda mimi kidogo."

Jamani! Mtoto ameandika la kwao nyumbani, mimi nimemgeuzia maneno. Kwa sahihisho langu, mama anampenda kaka kuliko binti anavyompenda kaka huyo. Sentensi yake ilikuwa sahihi, mkosaji nilikuwa mimi.

Usiku nikawaza sana. Tatizo si "me" wala "I", tatizo ni kitenzi kilichofichwa. Hata kwetu "Mama anampenda kaka kuliko mimi" ina utata uleule. Lakini dawa tunayo: "kuliko anavyonipenda mimi" au "kuliko ninavyompenda mimi". Sisi tunarudia kitenzi chote, Mwingereza analeta kitenzi kisaidizi tu: "more than she does me", au "more than I do". Utata kwisha. Na hata Robert Lowth, askofu wa Uingereza aliyeandika kitabu cha sarufi mwaka 1762, hakupiga marufuku "than me". Alichotaka ni ujaze kitenzi kilichoachwa, ndipo ujue ni "I" au "me". Sisi tukabaki na fimbo, maelezo tukayatupa.

Kesho yake sikuigusa sentensi ya binti, nikaandika ubaoni habari ya alizeti, maana huku kila mtu anaijua. "Tumevuna alizeti nyingi mwaka huu kuliko tulivyovuna mwaka jana." Wengi wakaandika "than we have last year", kwa sababu mwanzo kulikuwa na "have harvested". Nikawaambia waangalie hiyo "tulivyo": kuna -li- pale. Basi ni "than we did last year". Ikiwa -na-, "kuliko tunavyovuna", ni "do". Ikiwa -taka-, "kuliko tutakavyovuna", ni "will". Na "kuliko nilivyo mimi", isiyo na tendo, ni "than I am", ndiyo maana "She is taller than I do" inakataa. Darasa likachangamka, sijawahi kuliona hivyo.

Hata "I have not and will not eat", ambayo wasomi wazima tunaiandika, Kiswahili kingetuokoa. Nani anasema "sija na sitakula"? Tunasema "sijala wala sitakula", kila kitenzi na umbo lake. Basi na kule "have" apewe "eaten" yake: "I have not eaten and will not eat."

Sasa kuna wenzangu wa ualimu wanaoona kutaja Kiswahili kwenye kipindi cha Kiingereza ni kosa la jinai. Shule niliyosoma mimi tulichapwa kwa hilo. Eti watoto watazoea kufikiri kwa Kiswahili. Wanafikiri kwa lugha gani sasa hivi? Wametoka shule za msingi zinazofundisha kwa Kiswahili, na wengine nyumbani ni Kinyiramba. Hiyo -vyo- wanaitumia kutwa nzima bila kukosea hata mara moja, halafu mimi niifiche niwakaririshe "than I"? Hapana. Mnaobisha, bisheni, lakini njooni na mfano wa ubaoni.

Maksi ya binti nimeirudisha, na nimemwomba radhi. Kwenye masahihisho ameandika mwenyewe, kwa mwandiko mdogo: "more than she does me". Nikapiga vema. Habari yenyewe ya mama yake bado sijamuuliza, sijui nianzie wapi. Nitamwita Ijumaa baada ya vipindi.