Si israfu, ni bei

Tumechoka kuambiwa wanawake hatuna akiba kwa sababu ya sare za harusi na udi. Haya, tuhesabuni.

Visiwa vyetu vinakula mchele, unga wa ngano na sukari vinavyokuja kwa meli. Mafuta yakipanda bei, nauli inapanda, na muuza mchicha naye anapandisha, maana amelipa nauli kufika sokoni. Mwenye kipato kidogo hununua mkaa kwa kopo na mafuta ya kupikia kwa kipimo, na anayenunua kidogo kidogo hulipa zaidi kuliko anayenunua gunia. Hapo akiba itoke wapi?

Ndiyo, israfu imekatazwa, Surat Al-Israa iko wazi. Sare tatu kwa harusi moja hata sisi tunazikataa. Lakini harusi ni ya siku mbili tatu. Wali ni wa kila siku.

Bibi harusi mtarajiwa, mahari ni haki yako, Surat An-Nisaa aya ya 4. Usikubali yaishie kwenye mapambo ya ukumbi. Matumizi ya nyumba ni wajibu wa mume, hivyo mahari ndiyo akiba yako ya kwanza, ilinde.

Na wanaotuhutubia kuhusu kubana matumizi, wawageukie kwanza wanaoficha bidhaa Ramadhani ikikaribia ili bei ipande. Hao ndio wanaokula akiba zetu.