MSHAHARA WA KUOSHA PWANI SI FIDIA



Wenzetu wa boti za kukodisha, wale wanaowatoa wageni baharini Watamu, Malindi, Kilifi na Shimoni kwenda kuvua nduwaro na sulisuli, wametuletea swali ambalo ofisi hii haikuweza kulijibu siku ileile. Walisema hivi: mafuta yakimwagika baharini na wageni wakakimbia, kisha kampuni yenye mafuta ikatuita tukaoshe pwani kwa mshahara, je, tukubali? Na tukikubali, tutakuwa tumejifungia mlango wa kudai hasara yetu?

Jibu letu ni kwamba kazi ikubaliwe, lakini baada ya kukubaliana kwa maandishi juu ya mambo mawili: kwamba mshahara huo ni malipo ya jasho na hauhesabiwi kuwa fidia, na kwamba afya ya mfanya kazi ni juu ya aliyemwita. Hatusemi haya kwa kubahatisha. Yako mambo yaliyowapata wavuvi wa nchi nyingine, na mwenendo wake wote unajulikana, tangu siku ya kwanza mpaka mahakamani.

Usiku wa tarehe 20 Aprili 2010 mtambo wa kuchimba mafuta uitwao Deepwater Horizon, uliokuwa ukiifanyia kazi kampuni ya BP katika Ghuba ya Mexico, mbele ya pwani ya Louisiana huko Marekani, ulilipuka. Wafanya kazi 11 walikufa. (Watu huwasahau hao 11, maana picha za ndege waliopakwa mafuta zilitembea duniani kuliko picha zao.) Kisima kilimwaga mafuta kwa siku 87 mpaka kilipozibwa tarehe 15 Julai. Serikali ya Marekani ilikadiria kuwa yaliyotoka ni karibu mapipa milioni 4.9. Kufikia tarehe 2 Juni serikali hiyo ilikuwa imepiga marufuku uvuvi katika maili za mraba 88,522, yaani zaidi ya thuluthi ya maji ya Ghuba yaliyo chini ya mamlaka yake.

Katika miji ya pwani hiyo, kama Venice ya Louisiana, Orange Beach ya Alabama na Destin ya Florida, watu wengi hupata chakula chao kwa kazi ileile ya wenzetu wa Watamu. Tajiri ana boti, yuko nahodha, wako mabaharia wa kutega chambo na kuvuta samaki, na mgeni hulipa kwa siku. Msimu wao mkubwa ni kiangazi, kuanzia Juni, kama wetu ulivyo wakati wa kaskazi bahari inapotulia. Basi mafuta yalitoka kisimani wakati uleule wageni walipokuwa wakipanga safari zao. Hata mahali ambapo tone la mafuta halijafika, simu zilipigwa na safari zikafutwa, kwa kuwa mgeni wa mbali haulizi mafuta yako ufuo gani. Akisikia jina la bahari, basi.

Kampuni ikatangaza kuwa itakodi vyombo vya wenyeji kwa kazi ya kuosha. Vyombo zaidi ya 3,000 viliingia kazini. Kodi ilihesabiwa kwa urefu wa chombo, kutoka dola 1,200 kwa siku kwa chombo kidogo hadi dola 3,000 kwa kile kirefu. Kazi ilikuwa kuvuta maboya marefu ya kuzuia mafuta, kuyakusanya yanayoelea, kuzunguka kutafuta utando mpya, na kuchukua watu na vitu. Fedha hizo zilikuwa nzuri, hatukatai. Wako walioziona nyingi kuliko za uvuvi. Lakini palizuka manung’uniko makubwa kwamba watu wenye kazi zao nyingine mjini, wenye boti za starehe tu, waliandikwa, huku nahodha ambaye hana kazi nyingine ila bahari akiendelea kungoja simu. Na kwa kuwa hesabu ilifuata chombo, baharia asiye na chombo alimtegemea tajiri wake. Wanachama wetu watalielewa neno hili bila kuelezwa zaidi.

Jambo la kwanza la kujifunza ni karatasi. Mikataba ya kwanza waliyoletewa wavuvi ilikuwa na masharti ya kuwafanya waachilie haki zao za kudai, na ya kuwafunga midomo wasiseme habari za kazi bila ruhusa. Watu walikuwa na njaa, na mwenye njaa hutia sahihi. Mvuvi mmoja wa Louisiana, ambaye alikuwa rais wa chama cha wavuvi, aliipeleka karatasi hiyo mbele ya jaji wa New Orleans, na mwanzoni mwa Mei 2010 masharti hayo yakaondolewa. Hazikupita hata wiki mbili tangu mlipuko. Angalieni, ndugu: shauri lilifanikiwa upesi kwa sababu palikuwa na chama chenye mtu wa kusimama, na kwa sababu alisimama mapema, kabla maelfu hawajatia sahihi na kwenda zao baharini.

Jambo la pili ni pumzi. Mwishoni mwa Mei wafanya kazi 7 wa boti za kuosha walipelekwa hospitali, wengine wakilalamika kwa kichwa, kizunguzungu na kifua. Boti 125 ziliamriwa kurudi bandarini. Mkubwa wa BP wa siku zile alipoulizwa alianza kuzungumza habari za watu kudhurika kwa chakula. Labda wako waliokula chakula kibovu, hatukuwapo. Lakini mtu aliyeshinda juani juu ya mafuta mabichi, mahali ambapo pia hunyunyizwa dawa ya kuyavunja (zilitumika galoni zaidi ya milioni 1.8 katika Ghuba nzima), akiumwa kichwa, neno la kwanza la mwajiri lisiwe sahani yake. Wafanya kazi wengi walieleza baadaye kuwa hawakupewa vinyago vya kupumulia, na wengine wakasema walikatazwa kuvivaa.

Wataalamu wa serikali ya Marekani waliwafuatilia watu wapata 33,000 wa kazi ile. Matokeo yaliyotolewa mwaka 2022 yalionyesha kwamba walioosha mafuta walikuwa na pumu, au dalili za pumu, zaidi ya wenzao wasioshiriki kwa kiasi cha asilimia 60, katika miaka michache ya kwanza. Hapo ndipo inapotakiwa fidia ya ugonjwa. Palikuwa na mapatano ya mahakamani ambayo kwa maandishi yaliweza kumpa mgonjwa hadi dola 60,700. Walio wengi sana walipata dola 1,300, wala hazikuzidi. Kwa nini? Kwa sababu kilichotakiwa ni ushahidi wa siku, mahali, na daktari, na mfanya kazi hakuwa nao. Wale ambao ugonjwa uliwajia miaka ya baadaye walifungua kesi kwa maelfu, na karibu zote zikashindwa, maana walitakiwa kuthibitisha ni kitu gani hasa walichovuta pumzi na kwa kiasi gani. Nani alikuwa amepima hewa ndani ya boti yake?

Sasa twafika kwenye swali lenyewe.

Kampuni ilikubali kuweka dola bilioni 20 kulipa hasara za watu, na mwanasheria Kenneth Feinberg akapewa kazi ya kugawa. Agosti 2010 alieleza kuwa fedha ambazo mvuvi alizipata kwa kuosha zitapunguzwa katika madai yake ya hasara. Manahodha walikasirika, kwa kuwa walikuwa wameingia kazini wakiamini kuwa ni mambo mawili mbalimbali.

Tulifanye hesabu kwa shilingi. Tuseme baharia wa Malindi hupata shilingi 60,000 kwa msimu, mshahara pamoja na bakshishi. Mafuta yakaja, wageni wakaondoka. Yeye akaenda kuosha, akalipwa 40,000. Jirani yake alikaa kivulini mwa mwembe muda wote. Siku ya fidia jirani anapewa 60,000. Baharia wetu anaambiwa: wewe umekwisha pata 40,000, chukua 20,000 zilizobaki. Wote wawili wamefika 60,000. Basi ile miezi ya kuinama ndani ya lami, ya macho kuwasha na kifua kubana, imelipwa nini? Hakuna. Kazi yake imekwenda bure, tena amemwoshea uchafu yule anayemdai.

Mwenye kampuni ana hoja yake, nasi hatuifichi. Husema kwamba fidia ni kujaza pengo, na mtu aliyepata kazi nyingine pengo lake ni dogo. Ni kweli kwa dereva aliyekosa mzigo wa tajiri mmoja akaendesha lori la tajiri mwingine. Lakini huyu wa pwani hakuipata kazi kwa mtu mwingine. Aliitwa na mdeni wake mwenyewe, kwa kazi ya hatari ambayo mdeni alilazimika kuifanya hata kama wavuvi wangekataa. Kama angeita watu kutoka mbali angewalipa mshahara kamili na asingempunguzia mtu yeyote deni. Kwa kumwita mwenyeji amelipa mara moja kwa mambo mawili.

Wengine watasema hayo ni ya Marekani. Na sisi? Mwaka 1988 tangi la mafuta lilipasuka Mombasa na tani karibu 5,000 zikaingia kwenye mikoko ya Makupa. Aprili 2005 meli ya mafuta ilimwaga tani karibu 200 Kilindini, na mikoko ya Port Reitz ikapakwa. Meli za mafuta huingia Kipevu mwaka mzima. Agosti 2020 huko Mauritius, meli ya mizigo Wakashio iliyopanda mwambani ilimwaga tani karibu 1,000 za mafuta yake yenyewe, na wenyeji walishona maboya kwa majani makavu ya miwa, wakaingia majini bila kungoja mtu. Tunawaheshimu. Lakini mtu wa kujitolea, asiyeandikwa popote, ndiye mwenye ushahidi mdogo kuliko wote kifua kikianza kulia.

Kenya imo katika mapatano ya dunia ya fidia ya mafuta yanayomwagwa na meli za kubeba mafuta, yale ya mwaka 1992. Hasara za uvuvi na za wageni zinaweza kudaiwa humo. Lakini kuna mlango wa muda: mtu anayenyamaza miaka 3 tangu kupata hasara amepoteza. Tena mdai hutakiwa kuonyesha alikuwa akipata nini kabla, na huulizwa kama wakati ule alikuwa na mapato mengine. Tajiri wa boti ana vitabu vya safari. Baharia ana nini? Bakshishi haiandikwi, na mshahara wake wengi hupewa mkononi ufukoni, samaki wakiwa bado wanapimwa. Kwa hesabu ya wakubwa mtu wa namna hiyo hakupata hasara, kwa kuwa hakuwa na kitu.

Kwa hivyo twawaomba mabaharia waanze sasa, bahari ikiwa safi. Andika kila safari: tarehe, jina la boti, saa za kutoka na kurudi, ulicholipwa na bakshishi. Nahodha atie sahihi. Nahodha mwungwana hawezi kukataa, maana daftari hilo litamfaa yeye pia. Na siku ya kuitwa kuosha ikifika, msiende mmoja mmoja. Leteni karatasi ofisini kabla ya kutia sahihi. Tutadai iandikwe kuwa malipo ni mshahara, yasipunguzwe katika madai yoyote; kila baharia atajwe kwa jina lake, asifichwe nyuma ya chombo; apimwe na daktari kabla ya kuanza na baada ya kumaliza; glavu, viatu vya mpira na vinyago vitolewe na mwajiri bila kukatwa senti. Hilo la mwisho si hisani, limo katika Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007. Kadhalika Sheria ya Mafao ya Majeraha Kazini ya mwaka huohuo humlinda mwajiriwa, lakini atakayeandikwa kuwa ni mkandarasi ataambiwa haimhusu. Lisomeni neno hilo kwa makini likitokea kwenye karatasi yenu.

Matajiri wa boti nao twawaambia kwamba katika jambo hili hatuna ugomvi nao. Kampuni kubwa ikija itawaita wao kwanza, na itafurahi wakitia sahihi peke yao. Wakija pamoja na mabaharia wao watapata masharti bora wote.

Karatasi ya kuandikia safari imechapwa nyuma ya toleo hili, na nakala zaidi zinapatikana kwa katibu wa tawi bila malipo. Asiyejua kuandika amwombe mwenziwe amwandikie, kisha atie dole gumba. Karatasi zilizojaa ziletwe kila mwisho wa mwezi, ziwekwe hapa ofisini, kwa kuwa boti huingia maji.