Kipuri Mbadala Si Lazima Kiwe Bandia

Mji wa kale wa Lamu, ulioingizwa na UNESCO katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2001, haukujengwa kwa ajili ya gari. Katika vichochoro vya Mkomani wapitao ni watu na punda, na siku hizi, kwa masikitiko ya wazee wengi, pikipiki nazo. Mgeni aweza kudhani kwamba habari za injini na vipuri vyake ni za Mombasa na Nairobi, wala sisi hazituhusu. Dhana hiyo ni potofu. Unga tunaosonga ugali, saruji, mabati na mitungi ya gesi hufika Mokowe kwa malori na pikapu, kisha huvushwa kwa mashua zenye mashine. Samaki na kamba wetu huondoka kwa njia iyo hiyo. Pikapu mbili tatu zikilala kwa ubovu kule bara, bei ya nyanya hupanda sokoni kando ya ngome.

Ndiyo sababu nimeona vyema kulijadili suala ambalo huzuka mara kwa mara katika mabaraza yetu na hata magazetini, nalo ni la vipuri visivyotoka kwa kampuni iliyounda gari. Wako wanaoshikilia kwamba Serikali ipige marufuku kila kipuri kisicho "jenuini". Hoja yao si ya kipuuzi. Watu wamepoteza mali na wengine maisha kwa sababu ya breki za hovyo. Hata hivyo naamini kwamba dai hilo linachanganya mambo mawili yaliyo mbali kama Kiwayu na Kipini, na kwamba tukilikubali lilivyo, atakayeumia kwanza ni mnyonge wa kisiwani.

Ili tusiseme hewani, natuchukue kipuri kimoja tu. Juu kabisa ya injini ya gari pana mfuniko ambao mafundi wetu huuita kava ya tapeti. Chini yake zimo valvu, na mitambo inayozifungua na kuzifunga maelfu ya mara kwa dakika, yote ikiogeshwa kwa oili. Kazi ya kava ni kuizuia oili isitoke na vumbi lisiingie. Aidha, ndani yake mara nyingi mna kibati kinachoyazuia matone ya oili, na tundu ambalo kwalo injini hupumua, maana moshi kidogo hupenya kando ya pistoni na lazima upate pa kutokea. Wanafunzi watapenda kujua kwamba zile mashine za kufunga nyuma ya mashua zilizo za mipigo miwili hazina kava hii, kwa kuwa hazina valvu za namna hiyo. Injini za dizeli zinazofungwa ndani ya majahazi wanayo.

Kava za zamani zilikuwa za bati lililofinyangwa kwa mashine au za alumini. Injini nyingi za miaka ya karibuni zimepewa kava za plastiki, ambazo ni nyepesi na rahisi kuunda, lakini baada ya miaka mingi ya joto hupinda au kupasuka. Nchi yetu huagiza magari yaliyokwisha kutumika, na kanuni ya ubora ya mwaka 2000 huruhusu gari lenye umri usiozidi miaka minane. Kwa hiyo pikapu huingia bandarini ikiwa tayari imekula sehemu ya umri wake, kisha hutumika kwetu miaka kumi au ishirini mingine. Kava itapasuka tu. Hapo mwenye gari hukuta njia tatu: anunue ya kampuni kwa bei kubwa, anunue ya mtumba iliyong'olewa katika gari jingine, au anunue mpya iliyoundwa na kiwanda kisicho cha kampuni ile. Hii ya tatu ndiyo niiitayo kipuri mbadala.

Jirani yangu mmoja hapa Mkomani, mchuuzi wa samaki, ana pikapu ya dizeli anayoilaza Mokowe. Kava yake ilipopasuka alinunua mbadala, ikafungwa, na baada ya wiki moja oili ikaanza kutiririka ubavuni mwa injini. Fundi akatoa hukumu kwamba kava ni feki. Ikanunuliwa nyingine, nayo ikavuja. Fundi wa pili akaimwagia gundi ya silikoni pande zote kana kwamba anaziba ngalawa kwa kalafati. Bado ikavuja. Fundi wa tatu, kijana mwembamba asiye na maneno mengi, aliufungua mpira wa tundu la kupumulia akaukuta umejaa utopetope mweusi. "Ami," akamwambia, "kava haina kosa. Injini haipumui."

Naam, injini isiyopumua hujaa shinikizo, na shinikizo hutafuta mahali dhaifu pa kutokea, huku likiisukuma oili mbele yake. Ungeifunga kava ya dhahabu ingevuja vilevile. Mchuuzi yule alikuwa amekwisha kulipa kava mbili, gasketi mbili na ujira wa mafundi wawili, na siku zote hizo samaki wake walikuwa wakichukuliwa na gari la kukodi.

Kuifunga kava ni kazi ndogo yenye adabu zake. Gasketi kuukuu lazima ikwanguliwe yote, na uso wa chuma ufutwe hadi ukauke. Gasketi mpya ilale katika mfereji wake bila kujikunja. Silikoni hutiwa kidogo tu, kwenye pembe ambapo vipande viwili vya injini hukutana, kwani inayozidi hukatika ndani, ikateremka na oili mpaka kwenye chujio la pampu na kuliziba. Bolti zikazwe kuanzia katikati kuelekea kingoni, kwa zamu, kidogo kidogo. Bolti hizo ni nyembamba, na mara nyingi huhitaji nguvu ya niutoni-mita 10 hivi, hali nati za gurudumu la pikapu huhitaji zaidi ya 100. Fundi anayezikaza zote kwa nguvu za mkono mmoja huipasua kava au huikamua gasketi hadi ikafa. Kisha husema, "Hii si ya kampuni."

Sisemi kwamba hakuna kava mbovu. Zimo tele. Nyingine uso wake haukunyooka, nyingine matundu ya bolti hayalingani, na nyingine hazina kile kibati cha ndani, hivyo injini huivuta oili na kuiunguza. Lakini ubovu wa namna hiyo huonekana kabla ya kufungwa. Fundi akiiweka kava juu ya kioo kilichonyooka na kupitisha kibati chembamba cha kupimia mwanya, ataujua upotofu wake kwa dakika moja. Akiilinganisha na ile ya zamani, tundu kwa tundu, ataujua upungufu wake kwa dakika ya pili. Tatizo ni kwamba gereji nyingi hazina vibati hivyo, wala spana yenye kipimo cha nguvu, na waliojifunza kazi kwa kutazama hawakuwahi kuonyeshwa.

Bandia ni jambo jingine kabisa. Bandia ni kava iliyoundwa popote pale kisha ikabandikwa jina na nembo ya kampuni isiyoiunda, ikatiwa katika kisanduku kinachofanana na cha kampuni hiyo, ikauzwa kwa bei inayokaribia ya kampuni. Kosa lake la kwanza ni uongo, hata kabla hatujauliza kama ni imara. Mnunuzi ananyang'anywa uwezo wa kuamua, kwa kuwa hajui anachokinunua ni nini. Kava mbadala inayosema waziwazi imeundwa na nani haikumwibia mtu. Inaweza kuwa nzuri au mbaya, nasi tuna haki ya kuipima.

Je, sheria zetu huitambua tofauti hii? Bunge lilipitisha Sheria ya Kupambana na Bidhaa Ghushi mwaka 2008. Muda si mrefu watu watatu wanaoishi na virusi vya UKIMWI wakaenda mahakamani, wakidai kwamba maana ya "ghushi" katika sheria ile imepanuliwa mno kiasi cha kuweza kuyanasa madawa halali yasiyo na jina la kampuni asilia, ambayo ndiyo waliyoweza kuyanunua. Mwezi wa Aprili 2012 Jaji Mumbi Ngugi wa Mahakama Kuu aliamua kwamba hofu yao ilikuwa na msingi, na kwamba haki ya mwenye hataza haiwezi kuwekwa juu ya haki ya mtu ya kuishi na kupata afya. Akaitaka Serikali iiangalie upya maana hiyo.

Kava ya tapeti si dawa ya kuokoa uhai, nami sitaki kuyalinganisha mambo yasiyolingana. Hata hivyo kosa la kimantiki ni lile lile: kukiita kitu ghushi kwa sababu tu hakikutoka kwa mwenye jina. Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 46, inampa mlaji haki ya bidhaa zenye ubora wa kuridhisha na haki ya kupewa habari za kumwezesha kuzitumia kwa faida. Haikumpa haki ya kuchaguliwa kampuni.

Wenzetu walikwisha kulipitia jambo hili. Marekani, kwa sheria ya mwaka 1975 ijulikanayo kama Magnuson-Moss, kwa kawaida humkataza muundaji kumwambia mnunuzi kwamba dhamana yake itafutika asipotumia vipuri vya jina fulani, isipokuwa kama anampa vipuri hivyo bure. Jumuiya ya Ulaya, kwa kanuni yake ya mwaka 2002 kuhusu biashara ya magari, ilifungua mlango kwa vipuri vya "ubora unaolingana" kuuzwa hata kwa gereji zisizo za kampuni. Huko Marekani, isitoshe, kava mbadala imekuwa pambo: vijana huziondoa zile za kiwandani zilizo nzima na kufunga za alumini zenye kung'aa, wapate kufungua boneti mbele ya wenzao. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, walisema wahenga. Sijui wangesemaje juu ya kava inayotembezwa ilhali ni nzuri.

Nirudi kwetu. Kutoka Lamu hadi Mombasa ni zaidi ya kilomita 300, na ingawa barabara ya Garsen imetiwa lami, kwa miaka mingi tuliipita kwa msafara wa polisi. Tangu gati la kwanza la bandari mpya ya Lamu lilipofunguliwa mwezi wa Mei 2021, imekuwa desturi kuzungumza juu ya malori na makontena kana kwamba magari hayo yatajitengeneza yenyewe. Kila kipuri kinachoagizwa hubeba nauli ya barabara, na cha jahazi hubeba na nauli ya mashua. Tukipiga marufuku vyote visivyo vya kampuni, mchuuzi wetu hatanunua cha kampuni. Atafunga kipande cha mtumba kilichokwisha kupinda, au ataendesha hivyo hivyo huku oili ikidondokea ekzosi yenye moto. Na nahodha mwenye injini ya dizeli chini ya sitaha, katika mkondo wa Mkanda wakati wa kusi, atafanya vivyo hivyo, naye hana kando ya barabara pa kusimama.

Kwa hiyo naiomba Mamlaka ya Kupambana na Bidhaa Ghushi iendelee kuwaandama wabandikaji wa nembo bila huruma, lakini isiwahesabu pamoja na wauzaji wa vipuri mbadala vyenye jina lao. Shirika la Ubora wa Bidhaa nalo liwe na watu wa kuvipima vipuri hivi hapa pwani ya kaskazini, badala ya kungoja malalamiko yafunge safari ya Nairobi. Muuzaji alazimishwe kuandika katika risiti kama kipuri ni cha kampuni, ni mbadala au ni cha mtumba. Maneno hayo matatu hayagharimu kitu.

Na walimu? Mtaala wa Umilisi, ulioanza kutumika nchini kote mwaka 2019 katika madarasa ya chini, unatutaka tumfunze mtoto kutenda, si kukariri. Huko nyuma mfumo wa 8-4-4, ulioanza mwaka 1985, ulikuja na ahadi kama hiyo ya kazi za mikono, na shule nyingi zikakosa vifaa. Sioni kwa nini somo la vipimo lingoje karakana kamili. Kava kuukuu, kipande cha kioo, vibati vya kupimia mwanya na spana moja yenye kipimo vyatosha kwa vipindi kadhaa vya fizikia, na gereji nyingi zina kava zilizotupwa. Mwanafunzi akiuliza kwa nini bolti nyembamba hukatika kwa nguvu ambayo nene haiisikii, mwalimu amekwisha kupata somo.

Kijiji cha Matondoni, upande wa pili wa kisiwa hiki, kingali kinaunda majahazi. Fundi wa huko huuchagua ubao kwa macho, huugonga kwa kiganja akausikiliza, huupimia mahali pake, na usipokubali huurudisha. Sijapata kumsikia akiuliza umetoka kampuni gani.