Msikifungue Kiungo cha Netflix ya Bure

Ndugu zetu wa Kibokoni, Kuze, Ndia Kuu na kisiwa kizima cha Mombasa: mkipokea kwenye WhatsApp ujumbe wa kutazama filamu mpya za mwezi huu bila malipo, msikibonyeze kiungo chake, hata kama aliyewatumia ni shangazi yenu.

Shangazi huenda hajui kuwa simu yake imewaandikia yenyewe. Aprili 2021, watafiti wa kampuni ya Check Point walifichua programu iitwayo FlixOnline, iliyokuwa imepenya hadi ndani ya Play Store. Iliahidi Netflix ya miezi 2 bure. Ukishaipa ruhusa ilizoomba, ilisoma arifa zako za WhatsApp na kuwajibu yenyewe waliokuandikia, kwa jina lako, pamoja na kiungo. Google iliiondoa, lakini mbinu hiyo bado inaweza kutumiwa na yeyote. Na grupu zetu za arusi, za madrasa na za ukoo ni watu wale wale waliofungamana. Kiungo kikiingia moja, nyingine ziko karibu.

Watu huamini kwa sababu Netflix ya bure iliwahi kuwepo kweli Kenya. Ilianza Septemba 2021 kwa simu za Android, ikafungwa Novemba 2023.

Kinachowindwa ni M-Pesa. Kiungo chaweza kukuletea faili la APK, yaani la kusakinisha programu, kutoka nje ya Play Store; likipewa ruhusa ya ufikivu (accessibility), laweza kusoma yaliyo kwenye kioo na kubonyeza kwa niaba yako. Asiye na salio naye asijione salama: mwizi akishaijua namba ya siri aweza kuchota mkopo wa Fuliza, na deni likabaki kwako. Nawahofia zaidi kina bibi wanaotumia simu za wajukuu zao. Mara nyingi ruhusa huombwa kwa Kiingereza, nao hukubali ili filamu ianze. Kaeni karibu nao, muwasomee.

Kabla ya kufungua, mpigie aliyekutumia umsikie sauti. Au mwendee, kutoka Kibokoni hadi Kuze ni mwendo wa dakika chache tu. Muulize: ni wewe uliyetuma?

Uliyekwisha kubonyeza, zima data na Wi-Fi sasa hivi. Omba simu ya Safaricom ya mtu mwingine, upige 100, uombe M-Pesa yako ifungwe kwanza. Laini itie kwenye simu safi, na namba ya siri uibadilishe huko. Ukiletewa SMS ya kitapeli, itume kwa 333. Kwenye WhatsApp angalia vifaa vilivyounganishwa, uondoe usivyovijua, na zile tarakimu 6 za kuthibitisha akaunti usimpe mtu yeyote.

Kisha waarifu wa grupu leo hii kwa sauti yako, kutoka simu nyingine. Usione haya. Muda wote unaonyamaza, simu yako huenda inaendelea kuwaandikia.