Miaka 50 ya Rough Trade na Bendi ya Albamu Moja

Rough Trade ya London, duka la santuri lililozaa pia lebo ya muziki, inatimiza miaka 50 mwaka huu wa 2026. Kwenye jubilei kama hii hutajwa waliouza sana. Bendi za The Smiths na The Strokes zitatajwa, na zinastahili. Sisi tunaomba keki ikatwe kwanza kwa heshima ya Young Marble Giants, vijana watatu wa Cardiff, Wales, waliotoa albamu moja tu kisha kila mtu akashika njia yake.

Geoff Travis alifungua duka lake la santuri Februari 1976 katika Kensington Park Road, magharibi mwa jiji, jirani na makazi ya wahamiaji wengi wa Karibi. Rege na panki zilikaa pamoja, na vijarida vilivyopigwa fotokopi na mashabiki wenyewe viliuzwa humo humo. Kijana aliyejigharamia santuri yake alipokewa, na duka likamsaidia kuifikisha kwa wauzaji wengine. Mwaka 1978 Travis na wenzake wakaanza kutoa santuri zao wenyewe, na hapo habari ilikuwa mkataba: gharama zikisharudi, faida nusu kwa nusu. Kampuni kubwa wakati huo zilimpa msanii asilimia chache na kumfunga kwa albamu kadhaa za mbele. Wala haukuwa ukarimu wa kujitia hasara; albamu ya kwanza ya Stiff Little Fingers wa Belfast, iliyotolewa na Rough Trade 1979, iliuza zaidi ya nakala 100,000.

Young Marble Giants walisikika kwanza kwenye santuri ya mkusanyiko wa bendi za Cardiff, Rough Trade ikawaita. Albamu yao, Colossal Youth, ilirekodiwa kwa siku tano hivi katika studio ya Foel, huko mashambani Wales, ikatoka 1980. Nyimbo karibu zote zilitungwa na Stuart Moxham. Anapiga gitaa huku kiganja kimezikandamiza nyuzi, kwa hiyo mlio unatoka mkavu, umekatwakatwa. Nduguye Philip, kwenye besi, mara nyingi ndiye anayebeba wimbo. Mpiga ngoma hakuna: mapigo ya mashine yaliwekwa kwenye kaseti, na hata jukwaani kaseti ndiyo iliyochezwa. Juu ya yote hayo anaimba Alison Statton, bila madoido, kama mtu anayejiimbia huku akifanya kazi zake. Nje, miaka ile, kila bendi ilikuwa inapiga kelele. Hawa waliacha nafasi kubwa kati ya noti moja na nyingine, na kwa maoni yetu hiyo nafasi ndiyo iliyoifanya albamu isizeeke.

Walizunguka Ulaya na Marekani, wakatoa santuri ndogo mbili, Final Day mwaka 1980 na Testcard, ya ala tupu, mwaka 1981. Mwaka huo bendi haikuwepo tena.

Albamu haikwenda na bendi. Kurt Cobain wa Nirvana aliiweka kwenye orodha yake ya albamu 50 alizozipenda kuliko zote, na mwaka 1994 bendi ya Hole ikaurudia wimbo mmojawapo, “Credit in the Straight World”. Kumbe mtaji wa siku tano unaweza kuzaa miaka mingi, ikiwa mwenye mtaji hana pupa.

Tusiifanye Rough Trade malaika. Mwaka 1991 shughuli zake za usambazaji zilianguka, zikaivuta na lebo yake, na lebo ndogo zilizoitegemea zikaumia pamoja nayo. Ushirika wenye moyo mzuri na vitabu vibovu vya hesabu ni hatari kama ulaji wa wakubwa, pengine zaidi, kwa kuwa aliyekuamini hakujihadhari. Duka lilipona kwa sababu lilikwisha kutengana na lebo tangu 1982, mikononi mwa wafanyakazi wake. Lebo yenyewe ilirudi sokoni mwaka 2000.

Sasa jina la Rough Trade ni kubwa, na duka lenye jina hilo lipo hadi New York. Kwa hiyo ombi letu la jubilei ni la kibiashara kabisa: watafutwe vijana watatu ambao hawana hakika kama mwakani watakuwa pamoja, walipiwe siku tano za studio, faida nusu kwa nusu, na mkataba usiulize lolote kuhusu albamu ya pili.